UZI: Unatafuta mpambaji wa mekapu wa siku ya harusi? Usiishie kwenye picha zake, angalia anavyofanya kazi

Kamera Begani (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu na dada zangu wote. Mimi ni mpiga picha wa harusi, sio mpambaji, nalisema mapema maana najua kuna atakaekuja kuniuliza we mwanaume mekapu inakuhusu nini. Inanihusu tena sana. Bibi harusi akishapakwa anaekabidhiwa ule uso ni mimi, na picha zikitoka mbovu wa kwanza kulaumiwa ni mimi, hakuna anaekumbuka poda. Miaka yote hii nimekaa kwenye vyumba vya kuvalia nikisubiri watu wamalize, na kuna mambo nayaona yanajirudia mpaka yanachosha, ndo maana nimeamua niandike.

Kwanza jinsi watu wanavyochagua. Mtu anaingia kwenye ukurasa wa mpambaji, anaona nyuso zinang'aa, anatuma ujumbe "nataka kama hii", analipa kishika nafasi, basi. Sasa zile picha zimepigwaje? Taa ya duara mbele ya uso, mtu ametulia kwenye kiti, dakika mbili baada ya brashi ya mwisho, na mara nyingi zimepita kwenye filta. Taa ya duara inamwaga mwanga sawa pande zote, inafuta vivuli, kwa hiyo kila kosa linalala. We siku yako hutakaa mbele ya taa ya duara. Utatoka juani, utaingia ukumbini kwenye mataa ya kila rangi, utatoa jasho, utakumbatiwa na watu wasiohesabika, utalia. Picha ya ukurasani haikwambii chochote kuhusu hayo.

Kwa hiyo muombe vitu vingine. Muombe picha ambayo haijaguswa kabisa, ya mtu mwenye ngozi inayokaribiana na yako kwa rangi na kwa mafuta. Muombe video fupi karibu na dirisha mchana, mtu anageuza shingo. Muombe picha za mwisho wa sherehe, sio za mwanzo. Ukiangalia, usianzie machoni, macho kila mtu anajua kuyapamba saivi. Angalia ukingo wa taya pale uso unapokutana na shingo, angalia masikio, angalia pembeni ya pua na chini ya macho. Na kama kwenye picha huoni kitundu hata kimoja cha ngozi, yani uso umekuwa laini kama sahani, hiyo ni kompyuta haikuwa brashi.

Pili, ule uso mweupe kwenye picha za flashi. Mnaujua, bibi harusi shingo ya kwake, uso kama amemwagiwa unga. Kwenye kioo hakuonekana hivyo na mpambaji anaapa hakuonekana hivyo, na wote wanasema kweli. Kuna vitu ndani ya vipodozi, zinki oksaidi na titani dioksaidi zinazowekwa kwenye krimu za kukinga jua, na silika iliyo kwenye poda nyingi nyeupe zile zinazopakwa mwisho, hizo chembe zinarudisha mwanga. Flashi iko karibu na lenzi na inampiga mtu usoni moja kwa moja, mwanga unagonga zile chembe unarudi ulikotoka. Mimi naweza kuelekeza flashi darini ikapungua, lakini siwezi kumkataza mjomba na simu yake.

Dawa yake ni rahisi. Siku ya majaribio zima taa za chumba, piga picha kwa simu ukiwa umewasha flashi. Mpambaji anaejua kazi hatakasirika, wengi wenyewe ndo wanaipiga kabla hujasema.

Tatu ni muda, hapa ndo nalia mimi. Bibi harusi mmoja anahitaji saa moja mpaka moja na nusu, wasindikizaji kila mmoja dakika 30 mpaka 45. Chukua wasindikizaji 5 kwa dakika 40, hizo ni dakika 200, ongeza 90 za bibi harusi, ni karibu saa 5 kwa mkono mmoja, na hapo hakuna alieenda chooni wala alieomba kope zibadilishwe. Ongeza kuvaa gauni na akiba ya nusu saa. Kama mnatakiwa mtoke saa 8 mchana basi mtu wa kwanza alitakiwa akalie kiti saa 2 asubuhi. Lakini naambiwa "mpambaji anakuja saa 4 tu zinatosha". Hazitoshi! Na matokeo yake muda unaokatwa ni wa picha.

Na jamani msimuweke bibi harusi wa mwisho. Ratiba ikichelewa anaeharakishwa ni yeye. Awekwe kabla ya wawili wa mwisho, ili akimaliza avae taratibu huku wale wanamalizikia.

Nimemaliza kwa leo, wapambaji njooni mnisahihishe.

---

Msomaji Kimya

Nimeweka kiti hapa. Mwezi ujao dada yangu anaolewa.

---

Brashi Nne

Mkuu Kamera umeongea na mimi kama mpambaji nakuunga mkono kwa asilimia kubwa, ila hapo kwenye krimu ya jua usije ukawafanya watu waogope. Sio kila krimu ya jua inaleta uso mweupe, zile za kikemikali zisizo na hizo zinki na titani hazina shida hiyo, na hata hizo zingine inategemea zimewekwa kiasi gani na kuna nini juu yake. Kosa kubwa ninaloliona mimi ni poda. Mtu anapakwa poda nyeupe chini ya macho inaachwa imekaa nene eti "inaokwa", haipanguswi vizuri, afu flashi inakuja. Poda yenye rangi inayofanana na ngozi, iliyopakwa kidogo na kukandamizwa na sponji, haina ugomvi na kamera. Harusi ya mchana kweupe nje, mimi namwambia mtu paka krimu yako ya jua usiungue.

Sasa niongezee kwa upande wa kiti. Ukitaka kumjua mpambaji sikiliza anakuuliza nini kabla hajafungua begi. Ngozi yako ya mafuta au kavu? Kuna kitu kilishakuwasha? Unatumia dawa gani ya ngozi? Unavaa miwani au lenzi? Gauni ni jeupe pe au la maziwa? Mnafungia ndoa ndani au nje, saa ngapi? We ni mtu wa kulia? Asiekuuliza chochote anakupaka sura aliyompaka mwenzio jana, na hata ukipendeza imetokea tu.

Majaribio fanyeni mwezi mmoja mpaka miwili kabla. Ukifanya mapema sana ngozi inabadilika na jua na hali ya hewa, ukifanya wiki ya mwisho hamna muda wa kubadilisha mpambaji. Njoo na blauzi yenye rangi inayokaribiana na gauni, maana ukija na tisheti nyekundu uso wote unasomeka tofauti. Njoo uso mtupu. Njoo na picha za mekapu unayoipenda LAKINI na moja ya mekapu usiyoitaka kabisa, hiyo ya pili ndo inanisaidia zaidi.

Ukishapakwa usikimbilie kusema nimependa. Kaa nayo. Faundesheni nyingi zikishakutana na mafuta ya ngozi na hewa zinageuka, zinakuwa nzito kidogo au zinavuta kwenye chungwa, na hilo linaonekana baada ya dakika 20 au 30 sio pale pale. Nenda nayo nyumbani, fanya kazi zako, jiangalie baada ya saa 6. Imekatika wapi? Puani? Kidevuni? Kope zimefunguka pembeni? Andika unitumie, hayo ndo nitakayoyafanyia kazi. Mteja anaeniambia "pua ilianza kung'aa saa 9" ananifaa kuliko anaenimwagia makopakopa.

---

mtarajiwa_wa_mwakani

Da Brashi asante sana, naomba niulize. Niliempata kazi yake nzuri ila anasema majaribio yanalipiwa peke yake na mimi bajeti imebana, je nikiyaruka nitakuwa nimefanya vibaya? Na swali la pili ngozi yangu ina mchanganyiko paji la uso na pua mafuta ila mashavu makavu, namwambiaje?

---

Brashi Nne

Mdogo wangu kulipia majaribio ni haki yake, anatumia bidhaa zile zile na muda ule ule, wengine wanaingiza humo humo kwenye bei nzima wengine wanatenga. Kama pesa haitoshi bora upunguze idadi ya wasindikizaji wanaopakwa na mtaalamu, wengine wajipake wenyewe, lakini majaribio usiyaruke. Ukishindwa kabisa basi angalau muombe akujaribishie rangi ya faundesheni tu kwenye taya, mchana dirishani, na gundi ya kope.

Hiyo gundi naomba niikazie. Gundi nyingi za kope za bandia zina mpira ule wa asili, wengine miili yao inaukataa, macho yanavimba. Paka kidogo nyuma ya sikio au mkunjo wa mkono kwa ndani, subiri saa 24 mpaka 48. Kuna gundi zisizo na mpira, ukisema mapema ananunua. Ukisema asubuhi ya harusi macho yameshavimba itasaidia nini?

Ngozi ya mchanganyiko ni ya kawaida sana usihangaike kuelezea, mwambie hivyo hivyo ulivyoniambia. Anatakiwa akuwekee praima (ile krimu inayotangulia chini ya faundesheni) ya kuzuia mafuta kwenye paji na pua peke yake na mashavu ayanyweshe losheni yasubiri. Na awe anajua bidhaa zake, maana praima ya silikoni ikiwekewa juu faundesheni ya maji mara nyingi zinakataana, inajiviringisha vipande vipande kama uchafu wa kifutio.

---

Kichwa Kigumu

Mimi nitasema ukweli msinipige. Biashara yote hii ni kutishana. Dada yangu alijipaka mwenyewe siku yake, poda, wanja, rangi ya mdomo, akatoka, na picha zipo na amependeza kuliko hao wa saa moja na nusu. Mtu kila siku anajipaka mwenyewe kwenda kazini ghafla siku ya harusi mikono imekatika?

---

Kamera Begani

Mkuu Kichwa hakuna wa kukupiga. Mtu anaejipaka kila siku na anaujua uso wake anaweza, nimewapiga picha watu wa hivyo na walitoka safi, mmoja wao mpaka leo ni kati ya picha ninazozipenda kuliko zote kwenye kazi yangu. Ila kwa wanaotaka kufanya hivyo nina angalizo. Mwanga wa kamera unakula rangi. Mekapu ya kazini ikipigwa na taa za ukumbini uso unaonekana bapa, macho yanapotea, inabidi apake kidogo zaidi ya alivyozoea hasa nyusi, kope na mashavu, na apige picha kwa flashi kabla ya siku. La pili, asubuhi ile mikono inatetemeka na simu haziishi, kila anaeingia chumbani ana swali lake. Kuchora wanja sawa pande mbili katika hali hiyo... dada yako alikuwa na roho ngumu.

---

Shangazi wa Wote

Wanangu hamjambo. Nimesoma yote kwa utulivu. Mimi langu moja, msimpeleke mtoto wa watu akarudi ni mtu mwingine. Nimehudhuria harusi bibi harusi ameletwa pua imechongwa kwa rangi nyeusi pembeni, midomo imechorwa nje ya midomo, mpaka mama yake mzazi anaangalia mara mbili mbili. Bwana harusi wa watu amesimama anatafuta mkewe. Kupamba ni kumtoa mtu alivyo mzuri sio kumfunika.

---

Tausi

Shangaziii nimecheka "anatafuta mkewe" 😂😂😂

---

Brashi Nne

Shikamoo Shangazi. Umesema kweli, ila na sie tutetee kidogo, mara nyingi anaetaka pua ichongwe ni mwenyewe bibi harusi na ameleta picha ya mtu wa mtandaoni mwenye uso wa umbo lingine kabisa. Mimi nikiona hivyo namwambia naweza kukupa rangi hizi lakini siwezi kukupa fuvu lile. Wengine wananuna. Mpambaji anaekubali kila unachomwambia nae muogope, sio adabu hiyo, anataka tu umalize ulipe uondoke.

Kwa wenye ngozi nyeusi niongeze hapa hapa, maana wanaoumia zaidi ni sisi. Kupendeza sio kupakwa rangi mbili juu ya yako. Faundesheni ijaribiwe kwenye taya iungane na shingo na kifua, sio mkononi, mkono una rangi yake. Na rangi ya juu ikilingana bado kuna rangi ya chini ya ngozi, wengine inavuta kwenye njano au dhahabu, wengine kwenye nyekundu au bluu, wengine katikati. Ukiona umepakwa afu umekuwa wa kijivu kama mtu aliepauka, mara nyingi hapo ndo pamekosewa, au weusi wa chini ya macho umefunikwa moja kwa moja na konsila nyeupe kuliko ngozi yako. Chini ya konsila panatakiwa kitu chenye uchungwa kidogo kuua ule ubluu kwanza. Muulize mpambaji ana faundesheni ngapi za watu weusi kwenye begi. Akikwambia nachanganya tu mbili tatu napata, muombe akuchanganyie mbele yako uone.

---

Nesi wa Usiku

Habari za humu. Hamjagusa usafi na mimi ndo kitu cha kwanza ningekiangalia, sijali anapaka vizuri kiasi gani.

Maskara. Brashi ya maskara ikiingia jichoni kwa mtu ikarudi kwenye kichupa imeshabeba alichonacho, na mule ndani ni giza na majimaji, wadudu wanafurahi. Macho mekundu yanayoambukiza yanahama hivyo. Mpambaji msafi anatumia vile vibrashi vya kutupa, kimoja mtu mmoja, na hakirudi kwenye chupa mara ya pili. Rangi ya mdomo ya kijiti haipakwi moja kwa moja kutoka mdomo wa mtu hadi mwingine, inakwanguliwa kwa kijiko bapa inawekwa kwenye paleti, inachukuliwa na brashi safi. Malengelenge ya mdomoni yanatokana na kirusi, na mwenye nacho anaweza kukiambukiza hata siku ambayo hana kidonda unachokiona. Krimu za kopo hivyo hivyo, zinachotwa, vidole haviingizwi.

Angalia anapopuliza. Kuna wanaopuliza brashi kwa mdomo kupunguza poda, hayo ni mate. Sponji ile ile kwa watu 6, hapana. Brashi anasafisha kati ya mtu na mtu kwa spiriti au kisafishaji au anakuja na seti kadhaa. Geuza kopo uone ule mchoro wa kikopo kilichofunguliwa na namba kama 6M au 12M, hiyo ni miezi ya kutumia tangu kifunguliwe. Maskara watu wengi wa macho wanashauri itupwe baada ya miezi 3 hivi. Ya begi la biashara inafunguliwa kila wikendi, hesabu mwenyewe.

Wenye lenzi za macho, vaa lenzi KABLA ya kupakwa, na usiku zitoe kabla ya kufuta mekapu.

---

Tausi

Nesi umeniharibia siku 😩 nimekumbuka wangu alikuwa anapuliza brashi tena kwa nguvu zote.

---

Bwana Mipango

Naona mnaongelea ngozi tu, mimi naongelea makaratasi. Kwetu tulimlipa mpambaji mwenye jina, siku yenyewe akaja binti tusiemjua anasema "bosi ana harusi nyingine, amenituma mimi". Mke wangu alipakwa na mtu ambae hajawahi kuugusa uso wake. Simtaji mtu hapa na wala sio lengo. Tulichokuwa nacho ni meseji za simu "sawa dia tuko pamoja", nani utamshtaki na dia tuko pamoja?

Andikianeni. Haihitaji mwanasheria, ukurasa mmoja unatosha au hata barua pepe mliyojibizana, ila iseme nani kwa jina atakaepaka, tarehe, mahali, saa ya kufika na sio saa ya kuanza safari, watu wangapi, majaribio yamo au hayamo, kope zimo au hazimo, usafiri juu ya nani, salio linalipwa lini. Akiugua nani anakuja na je mtamuona kabla? Mkiahirisha kishika nafasi kinahamia tarehe mpya au kimekufa? Akichelewa inakuwaje, na nyie mkimchelewesha inakuwaje, maana hilo nalo lipo, wanamuweka mtu wa watu anasubiri bibi harusi aoge.

Na kingine watu hawakifikirii, picha. Kuna mpambaji amerusha uso wa bibi harusi mtandaoni kabla hata hajatoka chumbani, wageni wakamuona kwenye simu kabla ya kumuona akiingia. Kama hutaki, au unataka asubiri mpaka nyie mrushe kwanza, andika.

---

Kamera Begani

Hili la picha nitalikopi nipeleke kwenye mkataba wangu na mimi.

---

mtarajiwa_wa_mwakani

Nimeandika yote hayo pembeni. Sasa jamani kuna rafiki yangu ameniambia nianze krimu ya kung'arisha miezi michache kabla ili siku ile niwe nimetakata, na ameniletea yake haina hata maandishi ya kueleweka. Nisiwadanganye nilikuwa naitamani.

---

Nesi wa Usiku

Mdogo wangu usiipake. Krimu isiyo na orodha ya vilivyomo huwezi kujua una nini mkononi. Nyingi za aina hiyo zimekutwa na zebaki, nyingine na steroidi kali au haidrokwinoni, dawa ya kupunguza weusi wa ngozi, ambayo mtu anajipaka bila daktari. Zebaki inapita kwenye ngozi inaingia mwilini na inaharibu figo. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, ule wa zebaki uliopitishwa 2013, vipodozi vyenye zebaki umeviweka kwenye orodha ya vitu vya kuondolewa sokoni, sio porojo za manesi. Na steroidi ukipaka muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba, inatoka chunusi na mishipa, na ukiacha ghafla uso unaweza kuwaka moto. Fikiria unawaka wiki ya harusi.

---

Brashi Nne

Na mimi kwenye kiti nakwambia, ngozi iliyochubuliwa ndo ngumu kuliko zote kupaka. Uso rangi moja, masikio nyingine, shingo nyingine, vifundo vya vidole navyo rangi yake, na pete inavalishwa hapo hapo kamera ikiwa karibu. Inabanduka pia, faundesheni inang'ang'ania kila kigamba.

Ngozi inayopakika vizuri ni ile iliyooshwa, ikapata losheni, ikapata krimu ya jua, ikaachwa na amani. Kitu kipya chochote usikianze ndani ya mwezi wa mwisho. Kusafishwa uso kwa mtaalamu, kama hujazoea, usifanye wiki ya harusi, kama umezoea siku 7 kabla inatosha. Nyusi tengeneza siku 2 au 3 kabla ili wekundu upungue. Anaetumia retino (dawa ya ngozi yenye vitamini A) asimamishe siku kadhaa kabla ya kutolewa vinyweleo kwa nta, la sivyo nta inaondoka na ngozi. Chunusi ikitoka usiku wa kuamkia harusi usiiminye hata ikuite kwa jina lako, kivimbe nakifunika, kidonda kibichi sikifuniki.

---

Tausi

Da Brashi na eabrashi je, ile ya kupuliziwa na kimashine? Wanasema haitoki hata ukilia.

---

Brashi Nne

Ni nzuri, inakaa nyepesi na kwenye kamera inapendeza, ila sio uchawi. Inategemea umajimaji uliomo, ya silikoni inavumilia maji zaidi ya ile ya maji. Tabu yake ikishakatika, machozi yakichora mstari, kuiziba kwa vidole ni ngumu kuliko faundesheni ya kawaida, inakuwa baka. Mtu wa kulia sana mimi nampaka kwa mkono tabaka nyembamba nyembamba, kila moja inakandamizwa na poda kidogo, mwisho sprei ya kushikilia, maskara na wanja visivyoingia maji.

Kulia kwenyewe kuna namna. Usifute. Chukua tishu ikunje ncha, iguse chini ya kope pale chozi linapotokea kabla halijashuka. Jasho hivyo hivyo, unagandamiza unaachia. Wengi wakiona mng'ao wanakimbilia poda juu ya mafuta, afu juu tena, saa 3 usiku uso una ukoko. Nyonya mafuta kwanza kwa karatasi zake au tishu, ndo uguse poda. Muombe mpambaji akuachie kidogo ya rangi ya mdomo iliyotumika, gundi ya kope na tishu, mpe msindikizaji mmoja mwenye akili timamu, sio yule anaecheza kuliko wote.

---

Shangazi wa Wote

Na sisi mama wa bibi harusi mtuonee huruma. Nilipakwa poda ikaingia kwenye mikunjo, nikaonekana nimeongezewa miaka.

---

Brashi Nne

Shangazi hapo walikukosea. Ngozi ya mtu mzima inataka losheni ya kutosha, faundesheni ya maji maji kidogo, poda pale tu panapong'aa, na chini ya macho karibu bila poda. Vimeta vizito juu ya kope navyo vinaonyesha kila mkunjo. Mwambie mpambaji mapema kuwa na mama yumo kwenye orodha, sio anavutwa kitini dakika ya mwisho brashi zimeshachoka.

---

Kichwa Kigumu

Sawa nimekubali kiasi. Na bwana harusi je? Mimi nina kipara na jasho langu linajulikana, na tarehe yangu inakaribia, msicheke.

---

Kamera Begani

Hongera sana mkuu. Hapo sasa uko kwangu. Kipara chini ya taa za ukumbini kinarudisha mwanga kuliko gauni. Usiku uliotangulia usijipake mafuta mazito kichwani. Siku yenyewe mwambie mpambaji wa mwenzio akupitishie poda ya kupunguza mng'ao isiyo na rangi, na ndo ile ile tuliyosema ina silika, kwa hiyo iwe kidogo mno na mjaribu na flashi. Karatasi za kunyonya mafuta weka mfuko wa ndani wa koti. Mimi nitakukonyeza, ukiona nimekonyeza, geuka pembeni ujifute.

---

Kichwa Kigumu

Karatasi za kunyonya mafuta zinauzwa wapi, kwenye vipodozi au stationari?

---

Tausi

Vipodozi kaka 😂😂